Mkwaju wa Irqwar Da/aw: Herufi Iliyozuiwa Mlangoni

Naomba leo tuitazame alama moja ndogo ambayo walimu wengi tuliifundisha chini ya mada ya uakifishaji na kuipita upesi. Ni mkwaju. Tunautumia kutenga siku, mwezi na mwaka, kuonyesha maana ya "au", na kuandika kumbukumbu namba za barua za ofisi. Kwetu sisi waandishi wa Kiswahili, mkwaju ni kituo tu. Kwa majirani zangu wa Mbulu na Hanang wanaosema Kiiraqw, mkwaju ni herufi kamili, yenye sauti yake, kama ilivyo b au m.

Nililifahamu hilo kwa miaka mingi bila kulitafakari. Nimelitafakari baada ya kustaafu, na aliyenilazimisha ni mashine.

Nilikuwa nimeanza kukusanya majina ya mahali ya wilaya hizi mbili, pamoja na maelezo niliyopewa na wazee. Kompyuta yangu ni kuukuu, na kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni fundi wa vifaa hivyo mjini Katesh, aliiwekea mfumo wa Linux ili isife mapema. Alinionyesha namna ya kuandika amri kwa maneno badala ya kubofya picha. Basi nikataka kufungua kabrasha la kwanza, na kwa heshima nikalipa jina la nchi ya asili ya Wairaqw, ile ya nyanda za juu za Mbulu, upande wa Kainam: Irqwar Da/aw. Niliandika amri ya kutengeneza kabrasha, jina nikalifunga ndani ya alama za mtajo kama nilivyofundishwa, nikabonyeza. Jibu likaja kwamba hakuna faili wala kabrasha kama hilo.

Nilishangaa. Sikuwa nimeuliza kama lipo. Nilikuwa naomba liwepo. Nikampigia simu yule fundi. "Shikamoo Mwalimu," akasema, na baada ya kunisikiliza akacheka kidogo. "Hiyo alama haipiti, Mwalimu. Mashine imeisoma kuwa unataka kabrasha liitwalo *aw*, ndani ya kabrasha liitwalo *Irqwar Da*. Imelitafuta hilo la nje, haikulikuta."

Kwa hiyo nchi ya watu ilikatwa vipande viwili, na kipande cha kwanza kikatangazwa kuwa hakipo. Nikataka kujua ni nani aliyeupa mkwaju mamlaka hayo.

Kinachotokea mtu anapobisha hodi

Anayeingia kwenye mfumo wa aina hii hutoa jina lake na neno la siri, kama mgeni anavyopiga hodi na kujitambulisha. Akikaribishwa, hakutani na kiini cha mfumo ana kwa ana. Hukutana na programu inayokizunguka, ambayo kazi yake ni kupokea amri na kuzifikisha ndani. Mfaransa Louis Pouzin, aliyefanya kazi kule Marekani katikati ya miaka ya 1960, ndiye aliyeipa programu ya namna hiyo jina la Kiingereza lenye maana ya ganda. Vijana wetu hulitamka "sheli", lakini neno hilo mitaani tayari lina mwenyewe: ukisema sheli mjini Katesh, dereva wa bodaboda atakupeleka kwenye kituo cha mafuta. Mimi nitasema ganda, kwa kuwa ganda hulinda kiini na ndilo la kwanza kuguswa.

Ganda hili, kabla ya kumpa mgeni nafasi ya kusema neno, humwandalia mazingira. Husoma kwanza faili moja la nyumba nzima, liitwalo /etc/profile, lenye masharti ya wote. Kisha huenda chumbani kwa mwenye jina na kutafuta faili lake binafsi. Katika ganda liitwalo Bash, ambalo Brian Fox alilitoa mwaka 1989 na ambalo limeenea sana, hutafutwa .bash_profile, lisipokuwepo hutafutwa.bash_login, lisipokuwepo nalo,.profile. Likipatikana la kwanza, mengine hayasomwi. Desturi hii ya .profile ilitoka katika ganda la Stephen Bourne, lililosambazwa na toleo la saba la mfumo wa Unix mwaka 1979. Majina hayo huanza na nukta, na kwa sababu hiyo hayaonekani katika orodha ya kawaida ya mafaili. Ni mila za ndani ya nyumba: mgeni hazioni, lakini zimekwisha kuamua atakaa wapi.

Ndani ya faili hilo huandikwa vigeu, yaani majina yanayobebeshwa thamani. PATH huorodhesha mahali pa kutafuta amri. TZ husema saa za mahali gani zifuatwe. Na LANG, ambacho ndicho kinachotuhusu zaidi sisi watu wa lugha, husema mtumiaji huyu anazungumza lugha gani na ya nchi gani. Mstari wenyewe ni mfupi:

export LANG=sw_TZ.UTF-8

Herufi *sw* ni Kiswahili, *TZ* ni Tanzania, na sehemu ya mwisho ni namna ya kuhifadhi herufi. Lugha ikiwa imesakinishwa, mtu huingia, huuliza tarehe, na mashine humjibu kwa Jumatatu na Jumanne. Mstari huo usipokuwepo, wala mwingine wa aina yake, ganda hurudi kwenye chaguo-msingi lake, ambalo ni Kiingereza na herufi 128 za sanifu ya Kimarekani iliyotolewa kwanza mwaka 1963.

Mkwaju ulivyopewa kiti

Katika mfumo wa Multics, uliotangulia Unix, makabrasha yalitengwa kwa alama ya "zaidi ya", ile tunayoitumia katika hisabati. Waasisi wa Unix, waliouanza mwaka 1969, wakachagua mkwaju. Tangu hapo ukawa na kazi mbili. Peke yake ni shina la mfumo wote, mahali ambapo kila kitu huanzia. Katikati ya majina ni mpaka baina ya kabrasha na kilichomo ndani yake. Jina la faili katika Unix na Linux laweza kuwa na karibu alama yoyote. Zilizokatazwa kabisa ni mbili: mkwaju, na ile alama tupu ya sifuri isiyoandikika.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Kompyuta za zamani za Macintosh zilitenga makabrasha kwa nukta mbili, na jina lenye mkwaju lilikubaliwa. Mwandishi wa Kiiraqw aliyekutana na mashine hiyo angeandika Da/aw na kuendelea na kazi yake. Lakini desturi ya Unix ndiyo iliyotawala seva na intaneti, na Windows nayo hairuhusu mkwaju katika jina la faili.

Tazama hata saa zetu. Kigeu cha TZ kwa Tanzania huandikwa Africa/Dar_es_Salaam. Mkwaju huo si wa mapambo: ni njia ya kwenda kwenye kabrasha la Afrika na kulikuta faili la Dar es Salaam. Kila kompyuta ya aina hii iliyopangwa kwa saa za Tanzania imepita kwenye mkwaju. Ila Da/aw haiwezi kupita.

Herufi ya koromeo

Wilaya za Mbulu na Hanang zipo mahali adimu katika ramani ya lugha za Afrika. Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi. Kidatooga cha Wabarbaig, wanaouzunguka mlima Hanang, ni cha Kiniloti. Wahadzabe wa Yaeda Chini husema lugha yenye vidoko. Nazo lugha za Kibantu zimewazunguka wote, Kiswahili kikiwa juu ya zote. Kiiraqw kina sauti ambazo alfabeti ya Kiswahili haikuandaliwa kuzibeba. Maandishi yanayotumika, yakiwemo ya nyimbo za kanisa la Kilutheri, yamezitafutia njia: *sl* kwa sauti inayopita pembeni mwa ulimi, *tl* kwa nduguye mwenye mripuko, *hh* kwa h ya ndani ya koo, *q* na *x* kwa sauti za nyuma kabisa ya kinywa. Na kwa sauti ya koromeo yenye mghuno, ukawekwa mkwaju. Mwanamke ni */ameeni*: neno linaanza na mkwaju.

Wataalamu nao wamefuata mkondo huo. Wilfred Whiteley, ambaye wasomaji wa hapa wanamjua kwa historia yake ya Kiswahili ya mwaka 1969, alikuwa ametoa maelezo mafupi ya Kiiraqw mwaka 1958. Frøydis Nordbustad alichapisha sarufi mwaka 1988, na Maarten Mous nyingine mwaka 1993. Mwaka 2002 Mous, Martha Qorro na Roland Kießling wakatoa kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza. Kwa hiyo hatuzungumzii kibonzo cha mwanafunzi mvivu. Ni tahajia yenye sarufi na kamusi.

Tofauti ya mkwaju na wenzake huonekana katika majina ya watu. *Sl* na *tl* zimeundwa kwa herufi za kawaida, hivyo zilipita. Watanzania wote wamelisoma jina la Dakta Willibrod Slaa, aliyegombea urais mwaka 2010, hata kama wengi tulilitamka "Silaa" kwa kuchomeka irabu yetu ya Kibantu. Sauti ilipotea midomoni mwetu, lakini maandishi yalibaki, na anayejua atalisoma sawasawa. Mkwaju haukupata bahati hiyo. Ukifutwa, hakuna kinachobaki cha kumkumbusha msomaji.

Ain tuliyoimeza wenyewe

Msomaji wa mashairi ya kale asiione sauti hii kuwa ngeni. Ni jamaa wa karibu wa ain ya Kiarabu. Maneno yetu *maana*, *saa* na *elimu* yote yalikuja na ain. Malenga walioandika kwa hati za Kiarabu waliweza kuiandika ain yao katika maneno hayo hata pale ambapo ulimi wa Mswahili ulikuwa umeilainisha. Tulipohamia hati za Kirumi, na usanifishaji ulipoanza rasmi mwaka 1930 chini ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ain haikuwa na kiti. Irabu mbili za *saa* ndizo kaburi lake.

Hatukuimeza hiyo peke yake. Mzaliwa wa Mombasa anajua kwamba *paa* mnyama hutamkwa kwa pumzi na *paa* la nyumba halina pumzi. *Kaa* wa baharini na *kaa* la moto vivyo hivyo. Tahajia sanifu huyaandika mamoja. Hati za Kiarabu nazo zilikuwa na upungufu wake, kwani hazikuwa na p wala v wala ch, na mshairi aliazima herufi za jirani. Kila mlango ambao lugha yetu imeupitia umedai kitu mlangoni.

Mlango wa ganda unatudai hata leo. Jaribu kutengeneza kabrasha liitwalo *ng'ombe* bila tahadhari. Ganda huiona ile ritifaa kuwa ni mwanzo wa mtajo, hukaa kimya, na kusubiri uifunge. Unaweza kungoja mpaka ng'ombe warudi zizini. Lakini ritifaa ina dawa: ukiweka neno lote ndani ya alama za mtajo maradufu, *ng'ombe* hupita salama. Mkwaju hauna dawa hiyo. Ufunge kwa mtajo, uutangulize na mkwaju wa kinyume, utakataliwa tu, kwa sababu anayeukataa si ganda bali ni kiini chenyewe.

Na Kiswahili kilipata watetezi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Na kampuni kubwa za programu nazo zikatutafsiria zana zao. Watu waliketi, wakabishana juu ya istilahi, wakaandika majina ya siku na miezi katika mafaili ambayo hakuna atakayewashukuru kwayo. Ndiyo maana leo *sw_TZ* ni mstari mmoja tu kwa anayeuhitaji. Kiiraqw kina msimbo wake wa kimataifa wa herufi tatu, *irk*. Kidatooga ni *tcc*, Kihadza ni *hts*. Lakini msimbo ni kitambulisho tu. Kinahitaji mtu wa kuja nacho mlangoni akiwa na mafaili mkononi.

Daftari la mahudhurio

Yule fundi alipomaliza kunieleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu: "Lakini Mwalimu, si wewe ndiye uliyetufundisha kuifuta?"

Nilikumbuka. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza, aliyejifunza kusoma kwenye kitabu cha nyimbo cha nyumbani kwao, aliandika jina la ukoo wake likiwa na mkwaju katikati. Nilipokuwa nikihamisha majina kwenye daftari la mahudhurio nilidhani ameandika majina mawili kwa "au", nikamwita. Akasema hapana, ni jina moja. Nikamwambia, mbele ya wenzake, kwamba katika Kiswahili sanifu jina la mtu haliandikwi kwa alama za uakifishaji, nikaufuta. Darasa likacheka. Kwa mujibu wa tahajia ya Kiswahili nilikuwa sahihi, ila jina lenyewe halikuwa la Kiswahili. Kutoka daftari langu jina hilo lilikwenda kwenye fomu za mtihani, na kutoka fomu za mtihani kwenye cheti. Mtu huyo sasa ni baba wa watoto, nao wanaliandika kama nilivyoliandika mimi.

Mashine haikunifanyia kejeli. Ilifanya nililofanya mimi, kwa sababu ileile: mazingira yalikuwa yamekwisha kuandaliwa kabla mgeni hajasema jina lake. Mimi nilikuwa /etc/profile ya darasa lile. Nilikuwa faili linalosomwa kwanza.

Lililowezekana

Mwaka 1992 Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, na mwenzake Rob Pike walibuni UTF-8, mpango wa kuhifadhi herufi za lugha zote za dunia, na inasimuliwa kwamba waliuchora kwenye karatasi ya mezani ya mkahawa huko New Jersey. Ndio unaotajwa mwishoni mwa mstari wetu wa LANG. Moja ya masharti yake lilikuwa kwamba katika kuhifadhi herufi yoyote ngeni, namba ya mkwaju isitokee kamwe ndani yake, ili majina ya mafaili yasivurugike. Kwa hiyo herufi za dunia zilifunguliwa mlango kwa sharti kwamba kiti cha mkwaju kisiguswe. Ulikuwa uamuzi wa busara, nami siulaumu. Ni vyema tu kujua bei iliyolipwa na nani.

Mpango huohuo umetoa njia. Orodha ya kimataifa ya herufi inayo alama ya wanafonetiki kwa sauti ya koromeo, ʕ, nayo inahesabiwa kuwa herufi, wala si kituo. *Irqwar Daʕaw* hupita mlangoni bila swali. Yule fundi alinionyesha faili jingine la chumbani, .XCompose, ambamo nimeandika kwamba nikibonyeza vitufe fulani kwa kufuatana nipate ʕ. Katika .profile yangu sasa kuna mstari wa sw_TZ, na kabrasha la majina ya mahali limefunguka.

Hata hivyo sitawaambia Wairaqw waandike hivyo. Mkwaju ni wao. Upo katika nyimbo zao na kamusi yao. Kuubadili au kuubakisha ni uamuzi wa wenye lugha, na wakiubakisha, ni juu ya watengenezaji wa fomu, daftari na programu kuukaribisha jina linapoandikwa. Jina la faili ni la mashine, jina la mtu ni la mtu. Nilichofanya mimi kimetatua shida ya kabrasha langu. Cheti cha mwanafunzi yule kiko palepale.

Namalizia kwa beti mbili, kama ilivyo desturi yetu hapa.

Nilifuta kwa kalamu, jina likabadilika,
Nikidhani ni elimu, usanifu kutukuka,
Leo naona ni sumu, mashine imenicheka,
Nawausia walimu, mkwaju kuuandika.

Malenga nawapa jambo, mlipeleke shuleni,
Mkwaju huu si fimbo, ni herufi ya nyumbani,
Ina sauti na umbo, yatoka ndani kooni,
Msiikate kwa chombo, iandikwe orodhani.